Kaseti ya babu bado inasema, telefone yangu imenyamaza

Leo naleta historia kidogo, lakini naanza na aibu yangu mwenyewe, juu bila hiyo aibu nisingeandika.

Mwaka 2019 nilikuwa natayarisha TFC yangu. Nilichagua kazi ya lukumbi, ile ngoma ya mti iliyochongwa tundu katikati, ambayo wazee wetu walitumia kwa kutuma habari toka kijiji mpaka kijiji. Nikampata mzee mmoja upande wa barabara ya Kabambare, mmoja wa wale wa mwisho waliojua kuipiga na kuisoma. Alikubali. Tulikaa siku mbili chini ya baraza lake, yeye anapiga, anasimama, anaeleza: hili ni jina la chifu, hili ni la kifo, hili ni la kuita watu wa ng'ambo ya mto. Karibu saa tatu za sauti, zote ndani ya androide yangu mpya. Nilijivuna nayo kweli.

Miezi saba nyuma, telefone ikavimba mgongo. Asubuhi moja haikuamka. Nikapeleka kwa fundi sokoni, kijana mwenye mikono mizuri ambaye ametufufulia redio na tochi za mtaa mzima. Akaigeuza, akatafuta pa kufungulia, hakuna. Kifuniko kimebandikwa na gundi. Alipokifungua kwa moto na wembe, akaweka batri nyingine, bado kimya. Akaniambia: « Kaka, plate imekufa. Na sauti zako zimesuderiwa juu ya hiyo plate. Siwezi kuzitoa. » Mzee wa lukumbi alishafariki mwezi uliopita. Sikuwa na kopi popote. Kosa la kwanza ni langu, sikatai.

Wiki ile ile nilienda kwa baba mkubwa kulia shida yangu. Akanisikiliza, akaingia chumbani, akatoka na kaseti ya mwaka 1987. Ndani yake kuna sauti ya babu, siku ya kuoza shangazi. Utepe ulikuwa umelegea. Akachukua biki, akaingiza kwenye tundu la kaseti, akazungusha pole pole, akaweka kwenye redio yake ya zamani yenye mawe manne. Babu akaanza kusema. Sauti inakwaruza, lakini ni yeye, na kikohozi chake.

Nilikaa pale na swali ambalo limenifuata mpaka leo. Inakuwaje chombo cha 1987 kinanirudishia babu niliyemkuta mtoto, na chombo cha 2019 kinaninyima mzee niliyeketi naye mwaka ule ule? Kwa kujibu, tupitie vyombo vya habari vilivyopita hapa kwetu, kimoja kimoja.

Ngoma iliyosema

Tuanze na lukumbi yenyewe. Wazungu wa kwanza walifikiri ni alama tu, sawa vile kengele: mlio huu ni vita, mlio huu ni sherehe. Hapana. Lugha zetu nyingi zina sauti ya juu na sauti ya chini, na ngoma ilifuata kupanda na kushuka kwa maneno. Misionari Mwingereza John Carrington, aliyeishi upande wa Kisangani na kujifunza ngoma za Walokele, alieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1949. Tatizo ni kwamba maneno mengi yana mpando mmoja. Kwa hiyo mpigaji hapigi neno moja, anapiga sentensi ndefu inayolizunguka: badala ya « mwezi » atapiga maneno mengi yanayoeleza mwezi, mpaka msikilizaji asikosee. Ni ujanja mkubwa. Leo mainjinia wa mawasiliano wanafanya vile vile: wanaongeza alama za ziada ndani ya ujumbe ili ufike mzima hata kama njiani kuna kelele.

Lukumbi haikuhitaji umeme wala franga. Ikipasuka, mti uko msituni na mchongaji yuko kijijini. Lakini ilikuwa na ugonjwa wake: ujuzi wote ulikaa ndani ya vichwa vya watu. Mtu akifa bila kufundisha, chombo kinabaki mti tu.

Karatasi na waya

Karatasi ilikuja na Waswahili na Waarabu waliojenga Kasongo na Nyangwe kuwa miji mikubwa ya biashara ya pembe, na ya watumwa pia, tusifiche. Hamed bin Muhammed, yule tunayemwita Tippu Tip, alitawala kutoka hapa. Baadaye, uzeeni Zanzibar, aliandika maisha yake kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akayageuza kwa herufi za kilatini, na yakachapishwa miaka ya 1902 na 1903. Mwenyewe alikufa mwaka 1905. Mpaka leo, mwanafunzi wa historia anaweza kufungua kitabu kile na kusoma Kiswahili cha mtu aliyekaa Kasongo kabla wanajeshi wa Leopold II hawajauteka mji Aprili 1893. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba karatasi yake imepitwa na wakati, anunue nyingine.

Kisha ukaja wakati wa Bulamatari. Reli ya Kindu mpaka Kongolo ilijengwa, na kati ya mwaka 1911 na 1913 Wabelgiji walisimamisha mlolongo wa vituo vya telegrafu isiyo na waya katika koloni, Kindu na Kongolo vikiwemo. Habari iliyochukua wiki kwa mguu ikapita kwa saa chache. Lakini ilikuwa chombo cha serikali. Babu zetu walibeba nguzo na mizigo, hawakubeba habari zao wenyewe. Nasema hivi ili mtu asidhani nimekuja kusifu kila kitu cha zamani.

Redio na mawe yake

Redio ndiyo chombo cha kwanza cha kisasa kilichoingia kweli ndani ya nyumba za watu weusi. Kwa jirani zetu wa Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, mwaka 1949 ilitoka redio moja ya bei rahisi, ya buluu, mviringo sawa sufuria, na Waingereza wakaiita hivyo hivyo kwa lugha yao: sufuria. Iliuzwa paundi tano, na batri yake kavu ilidumu saa kama 300. Aliyeisukuma kazi hiyo, Harry Franklin, alikuwa ametafuta kampuni kwa miaka kadhaa, nyingi zikakataa: Mwafrika maskini si mnunuzi. Walipokubali, watu wakanunua kwa maelfu.

Halafu ikaja transista, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1947. Toka katikati ya miaka ya 1950 redio zikawa ndogo, zikala mawe machache. Hii njo redio tuliyokuta kwa wazazi wetu. Kila mtoto wa Kasongo anajua kazi ya mawe: yakichoka unayaanika juani, unayang'ata kidogo, yanakupa habari za saa moja zaidi. Kaseti, iliyoletwa na Philips mwaka 1963, ikaongezea jambo kubwa: sasa hata mtu asiyejua kusoma aliweza kuhifadhi sauti yake. Watu walitumiana kaseti badala ya barua. Mkwe aliye Bukavu alisikia salamu za mama mkwe aliye Kasongo, pamoja na jogoo akiwika nyuma.

Redio ikiingia pani, unafungua skurubu nne. Ndani unaona kila kitu: spika, waya, antena. Fundi wa kijiji alijifunza kwa kuangalia tu. Hakuna aliyemnyima kuona.

Fonii: « Nakusoma, à vous »

Wenye umri wangu tunakumbuka vizuri vita ya 1998 mpaka 2003. Barabara zilikufa, reli ilisimama, bidhaa zilikuja kwa baiskeli na kwa ndege ndogo. Mawasiliano yetu yalikuwa fonii, ile redio ya kusema pande mbili, yenye antena ya waya mrefu kati ya miti miwili, ikilishwa na batri ya gari na pano ya jua. Zilikuwa kwenye paruasi, kwa mashirika, kwa wafanyabiashara. Unaandikisha jina, unangoja chini ya mwembe. Upande wa pili, Kindu au Bukavu, mtu anatumwa kumwita ndugu yako. Saa ikifika unasema, unamaliza na « à vous », unaachilia kitufe, unasikiliza.

Hakukuwa na siri. Watu kumi waliokaa pale walijua kwamba mtoto wako anaomba franga za shule au kwamba mume amechelewa kutuma. Habari ya kifo ilisikiwa na wageni kabla ya wenyewe. Lakini fonii moja ilitosha mji mzima, na ikiharibika, opereta mwenyewe alijua kuifungua.

Mwaka 2002, Februari 25, Radio Okapi ilianza kusikika, na kwa mara ya kwanza watu wa pande zote za vita walisikia habari moja, kwa Kiswahili pia. Wengi waliisikiliza kwa redio zile zile za zamani. Hakuna aliyelazimishwa kubadili chombo ili asikie habari mpya.

Telefone ya toshi

Telefone ya mkononi Kongo ni ya zamani kuliko watu wanavyofikiri. Kampuni ya Telecel ya Miko Rwayitare ilianza Kinshasa mwaka 1986, lakini ilikuwa kwa mawaziri, majenerali na matajiri. Kwa watu wa kawaida njia ilifunguka na Celtel iliyoanza nchini mwishoni mwa mwaka 2000, kisha Vodacom mwaka 2002. Rezo ilipofika kwetu, iliyotushika mkono ni Nokia ndogo.

Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003. Waliounda walifikiria watu wa vumbi na giza: vitufe vilifunikwa vumbi lisiingie, kichwani kuna toshi, na batri ilingoja mpaka saa 400 bila kuisharji, kwa maneno ya waliouza. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Batri yake iliitwa BL-5C, na tazama ajabu: batri ile ile ikaingia kwenye redio ndogo za Kichina, kwenye taa, kwenye spika za sokoni. Telefone ikifa, batri inaendelea kuishi ndani ya redio ya mama. Ikichoka, unanunua nyingine, unafungua kwa ukucha, unaendelea kubipa.

Chombo kilichofungwa

Sasa tumefika kwenye androide, na hapa mambo yamegeuka. Nimehesabu mageuzi matatu.

La kwanza, mwili umefungwa. Batri imebandikwa, kumbukumbu imesuderiwa, na telefone nyingi za sasa zinafunga maandishi na sauti zako kwa ufunguo ulio ndani ya telefone yenyewe. Kwa hiyo hata fundi wa Kinshasa akitoa ile memori, atakuta fujo isiyosomeka. Ulinzi huo ni mzuri mwizi akiiba. Mwenyewe akipata pani, ulinzi ule ule unamfungia nje.

La pili, chombo kinazeeka kwa amri ya mtu wa mbali. Mwisho wa mwaka 2018 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Nokia za aina ya S40. Mwanzo wa 2025 ikaziacha androide za toleo la 4.4. Telefone ilikuwa nzima, skrini nzima, batri nzima, lakini jamaa yote ya WhatsApp ikapotea kwa siku moja. Linganisha na redio ya baba mkubwa, iliyopokea Okapi bila kuomba ruhusa.

La tatu, makampuni yamejifunza kwamba kitu kinachodumu hakirudishi mnunuzi dukani. Hii si hadithi ya mitaani. Desemba 1924, huko Geneva, makampuni makubwa ya balbu, Osram na Philips yakiwemo, yalifanya mapatano yaliyoitwa Phoebus: balbu isidumu zaidi ya saa 1000, na kampuni itakayotengeneza inayodumu sana ilipe faini. Mapatano yalivunjwa na vita ya pili ya dunia. Karne moja mbele, Desemba 2017, Apple ilikiri kwamba programu yake ilikuwa inapunguza mwendo wa iPhone zenye batri iliyochoka. Ilisema ni kwa kuzuia zisizimike ghafla, na sababu hiyo ina maana kiufundi. Lakini haikuwaambia wenye telefone wazi, na wengi walinunua mpya wakati batri mpya ingetosha. Ufaransa iliipiga faini ya euro milioni 25 mwaka 2020. Ulaya sasa imeweka sheria: kuanzia Februari 18, 2027, batri ya vyombo vya mkononi lazima mwenye chombo aweze kuitoa mwenyewe. Yaani wanarudi kwenye ukucha wa Nokia!

Na sisi Wakongo? Kwetu serikali ilileta ile kodi ya RAM mwaka 2020: dola 1 kwa mwaka kwa telefone ya 2G, dola 7 kwa telefone ya 3G na 4G, ikikatwa ndani ya unite zetu. Watu walipiga kelele mpaka ikaondolewa mapema mwaka 2022. Mimi naikumbuka kwa sababu moja: ilikuwa mara ya kwanza nimeona watu wa lisanse wakitoa vumbi kwenye telefone za toshi na kuzirudia bila haya.

Udongo wetu ndani yake

Kuna jambo linaloniuma zaidi. Suduri iliyoshika ile memori yangu imetengenezwa na etaini. Etaini inatoka kwenye kasiterite, na Maniema imechimba kasiterite toka wakati wa Wabelgiji, Kalima na Punia hasa. Koltani inatoa tantali, ambayo inaingia kwenye vipande vidogo vya telefone. Zaidi ya nusu ya kobalti ya batri za dunia inatoka Kongo. Inawezekana kabisa kwamba kitu kilichoifunga sauti ya mzee wangu kilitoka siku moja safari chache tu kutoka baraza lake, kikaenda Asia, kikarudi kikiwa kimefungwa na gundi, na hatuna skurubu ya kukifungua.

Basi turudi kwenye ngoma?

Hapana, wenzangu. Mimi naandika maneno haya kwenye androide, na ninyi mnayasoma kwenye androide. Mama mwenye mtoto Kinshasa leo anamuona uso. Franga za shule zinafika kwa telefone bila mtu kuzibeba siku kumi njiani. Fonii ilitangaza siri zetu, telegrafu haikuwa yetu, Telecel ilikuwa ya wakubwa. Kaseti ya baba mkubwa pia itakufa siku moja, kwa unyevu au panya.

Tofauti ni namna ya kufa. Kaseti inakufa pole pole, inakwaruza kwanza, inakupa nafasi ya kusema kwaheri. Androide inakufa na mlango umefungwa. Kwa hiyo kabla ya kuamini chombo chochote, mwanafunzi wa historia aulize maswali matatu: Nani hapa mjini anaweza kukifungua? Kinakula nini kila siku ili kiishi? Na kikifa, kitaondoka na nini?

Kwa upande wangu nimeshajifunza, na pendekezo langu kwa chama ni dogo. Kila mmoja aliye na sauti ya mzee ndani ya telefone, aitoe wiki hii. Kopi moja kwenye kadi ndogo ya memori, moja kwenye flashi ya mwenzake anayekaa mtaa mwingine, na ya tatu, iliyo muhimu zaidi, kwenye kaye kwa biki: jina la mzee, kijiji, tarehe, na maneno yake neno kwa neno. Tippu Tip ametufikia kwa karatasi.

Nilipofungua kaye yangu ya 2019, nilikuta ukurasa mmoja nilioandika bila kufikiri wakati mzee anapumzika. Sentensi tano za lukumbi, pamoja na vistari vidogo vya sauti ya juu na ya chini. Tano kati ya saa tatu. Jumapili iliyopita nilimsomea mjukuu wake, kijana wa sekondari. Akachukua kijiti, akagonga juu ya meza nilivyoandika: chini, juu, juu, chini. Akasimama, akaniuliza: « Yaya, zilizobaki ziko wapi? »

Mimi sikuwa na jibu. Ninyi muwe nalo.